Jina na Tarehe

Unaweza kuzunguka Maganzo mchana kutwa usione kadi ya mkopo mkononi mwa mtu. Deni utaliona kila unapogeuka. Mama lishe ana daftari lenye majina ya watu waliokula tangu wiki iliyopita. Mwenye duka anatoa unga, mafuta na sigara kwa mali kauli. Vijana wanaoosha changarawe wakitafuta almasi wanakula posho ya mfadhili, na mfadhili mwenyewe pengine amekopa kwa dila, mnunuzi wa almasi mkubwa zaidi yake. Kwenye hesabu za benki watu hawa hawakopi. Mtaani hawafanyi kingine.

Mji wenyewe ni mdogo, uko Wilaya ya Kishapu, kando ya barabara kuu itokayo Shinyanga kwenda Mwanza. Umekua ukiutegemea mgodi wa Mwadui, ambao Mkanada John Williamson aliugundua mwaka 1940. Ndani ya uzio wa mgodi kuna watu wa mshahara. Nje kuna watu wa jiwe. Tofauti ya watu hao wawili mbele ya afisa mikopo ndiyo habari yote ya sura hii, kwa hiyo tuanze na huyu wa nje.

Mfadhili anapompa mchimbaji posho, haandiki. Anachokijua kinamtosha: huyu kijana ni wa nani, amewahi kuchimba na kundi gani, na mwaka juzi jiwe lilipotoka alilileta au alilipeleka Shinyanga usiku kwa broka mwingine. Riba hakuna, angalau hakuna anayeitaja. Tarehe ya kulipa nayo hakuna, maana changarawe haina kalenda. Mchimbaji akija kusema, "Mzee, wiki hii imekataa," atajibiwa, "Endeleeni kuosha, dogo, Jumatatu pitia uchukue unga." Msimu ukiisha bila jiwe, unga ule umeliwa na hautarudi. Mfadhili amepoteza pamoja na mchimbaji.

Nauheshimu mfumo huu kuliko wanavyouheshimu wanaouandikia ripoti. Unamkopesha mtu ambaye hakuna benki ingemkopesha, na unakubali kwamba kuna miezi isiyo na mapato. Ila haukopeshi bure. Jiwe likitoka linapita kwanza kwa mfadhili, naye ndiye anayetaja bei, mbele ya watu ambao wamekula chakula chake kwa miezi minne. Riba imo ndani ya bei. Kwa kuwa haikuandikwa, hakuna awezaye kuikokotoa, na kwa kuwa haikokotolewi, kijana anaweza kuamini maisha yake yote kwamba hajawahi kutozwa.

Kasoro ya pili ni kwamba uaminifu wa namna hii hausafiri. Tuseme kundi la vijana limepata leseni ndogo ya uchimbaji, zile za miaka saba ambazo sheria inawapa Watanzania peke yao, na sasa wanataka pampu ya maji na mashine ya kuchekecha. Wanakwenda benki Shinyanga mjini. Mkubwa wao ni mtu ambaye Maganzo nzima ingemkopesha gunia la mchele usiku wa manane. Afisa mikopo anaingiza namba yake ya kitambulisho cha taifa, NIDA, kwenye kompyuta na hapati kitu, si kizuri wala kibaya. Mtu wa miaka arobaini na mbili, aliyelipa madeni tangu ujana, mbele ya mashine hiyo ni sawa na aliyezaliwa jana.

Baada yake anaingia jirani aliyeajiriwa mgodini. Huenda mtaani huyu ndiye asiyelipa. Mama lishe akimwona anafunika masufuria. Lakini ana hati ya mshahara, na mwajiri atakata rejesho kabla hela haijamfikia. Anaondoka na mkopo. Benki haikupima moyo wa mtu yeyote kati ya hao wawili. Ilichokiona kwa wa pili ni jina lililothibitishwa na tarehe inayorudi kila mwezi. Historia ya mikopo, ukiivua mapambo yake yote, ni hivyo viwili tu: jina na tarehe.

Na kukosekana kwa historia hiyo hakukuwa bahati mbaya. Serikali ya Waingereza Tanganyika ilitunga sheria ya kuzuia biashara ya mkopo na wenyeji mwaka 1923, ikatunga nyingine mwaka 1931. Kwa mujibu wa sheria hizo, mfanyabiashara aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kumdai mahakamani mpaka mkataba uwe umeandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Walisema wanamlinda mwenyeji asinyonywe na wenye maduka. Huenda wapo waliolindwa. Lakini mwenye duka akishajua kwamba deni la mtu fulani halidaiki kisheria, anafanya moja kati ya mawili: hamkopeshi, au anamkopesha kwa bei ya kufidia hatari hiyo, kwa siri, bila karatasi. Babu aliyelipa kila senti hakuacha alama yoyote ambayo mjukuu wake angeionyesha.

Kisha kikaja chama cha ushirika. Usukuma ilikuwa na ushirika wenye nguvu kuliko karibu popote Afrika: muungano wa vyama vya wakulima wa pamba ulioundwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, na miaka ya 1980 SHIRECU kwa mkoa wa Shinyanga. Mkulima alipata mbegu na dawa kwa mkopo, deni likakatwa kwenye pamba yake msimu ukifika. Hapa tarehe ilikuwepo. Jina ndilo lililokuwa la chama. Chama kikikopa vibaya, aliyeleta marobota yake yote alihesabiwa pamoja na aliyeyatorosha.

Mambo yalibadilika mwaka 2012, kimyakimya. Chini ya Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006, Benki Kuu ya Tanzania ilianzisha kanzidata ya taarifa za wakopaji, na kuzitaka benki zipeleke humo habari za kila aliyekopa, analipa au halipi. Zikapewa leseni kampuni mbili za kuchakata taarifa hizo na kuziuza kwa wakopeshaji: Creditinfo na Dun & Bradstreet. Wanaofahamu kwamba zipo ni wachache, nao wengi wao walizijua siku waliyonyimwa mkopo.

Mwanzoni kanzidata ilikuwa ya watu wa benki. Iliyoifikisha vijijini ni simu. Mei 2014 Vodacom, pamoja na benki iliyoitwa CBA wakati huo na NCBA siku hizi, walileta M-Pawa, huduma ya kukopa kwa simu. Airtel nao wakaja na Timiza. Zikafuata huduma za kukopeshwa salio pale hela inapopungua katikati ya muamala, kama Songesha. NMB ikaleta Mshiko Fasta, mkopo usio na dhamana unaoanzia Sh 1,000. Kwa mtu wa Maganzo hiyo ndiyo kadi ya mkopo ya kwanza, tena kwa maana kamili. Ina ukomo uliopangiwa, unaupandisha kwa kulipa vizuri na unaushusha kwa kuchelewa. Unachota, unarudisha, unachota tena. Na nyuma ya kampuni ya simu kwa kawaida kuna benki, ambayo inawajibika kupeleka taarifa zako. Yule anayebonyeza simu akope nauli ya elfu tatu hajui kwamba ameanza kuandikwa.

Basi aandikwe anavyotaka yeye. Ushauri unaotolewa kwa kawaida, kwamba kopa kidogo ulipe kwa wakati, ni sahihi lakini haumfai mchimbaji kama ulivyo, kwa sababu unachukulia kwamba hela inakuja kwa wakati. Jiwe haliji kwa wakati. Makosa ninayoyaona zaidi ni ya mtu kukopa kwenye simu kwa ajili ya shimo: posho ya wiki, dizeli ya pampu, halafu siku thelathini zinaisha changarawe bado imekataa. Kwa mfadhili, mtu huyo bado ni mwaminifu. Kwenye kanzidata ni mdaiwa sugu. Mtu yuleyule, mwezi uleule.

Kwa hiyo mkopo wa kujengea jina uchukuliwe dhidi ya ile sehemu ya maisha inayofuata kalenda. Karibu kila nyumba inayo, hata ya mchimbaji: mke anauza maandazi, mwenyewe ana bodaboda aliyomkabidhi kijana alete hesabu kila jioni, kuna chumba kimoja kimepangishwa, kuna kuku. Hela hiyo ni ndogo na inaletwa na siku. Ndiyo iamue kiasi cha kukopa. Kama maandazi yanabakiza Sh 15,000 kwa wiki baada ya unga na mafuta, mkopo wa Sh 20,000 unalipika bila kusubiri muujiza. Lipa kabla ya tarehe, si siku yenyewe, kwa sababu siku yenyewe mtandao utakuwa chini. Sijui kwa nini, lakini ndivyo inavyokuwa. Ukilipa, pumzika. Anayekopa tena dakika ileile aliyolipa, mwezi baada ya mwezi, anafanya hela ya simu kuwa mtaji wa kudumu, na mtaji wa namna hiyo ni ghali mno. Tuseme ada ni Sh 2,000 kwa kila Sh 20,000 kwa mwezi. Inaonekana bei ya soda mbili. Ukiizungusha mwaka mzima umelipa Sh 24,000 kwa kukaa na Sh 20,000 ambazo bado unadaiwa. Kwa mikopo mitatu au minne kwa mwaka, hiyo ni gharama ya kununua jina na naiona ni halali. Zaidi ya hapo unamlipia mtu mwingine nyumba.

Kenya wametangulia njia hii na majuto yao yanatufaa. M-Shwari ilianza Novemba 2012, na baada yake zikamiminika programu za kukopesha zisizosimamiwa na mtu. Wakopaji wengi mno waliingizwa kwenye orodha ya wasiolipa kwa madeni ambayo hayafiki hata bei ya kuku. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya ikapiga marufuku kumwandikisha mtu kwa deni lililo chini ya shilingi elfu moja ya huko, na ikawaondolea wakopeshaji wasiosimamiwa ruhusa ya kutumia mfumo huo. Somo ninalolichukua mimi ni la ukubwa: deni dogo halichukuliwi kwa uzito na anayelikopa, ila mashine inalipatia uzito uleule wa deni la nyumba.

Huku kwetu balaa limekuja na jina lake, kausha damu. Mkopeshaji anashika kadi ya benki, hati ya kiwanja, wakati mwingine runinga na jiko la gesi, na anataka rejesho kila wiki. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwapanga watoa huduma katika madaraja manne, na wakopeshaji wa daraja la pili, wasiopokea amana, wakawekewa ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Zipo kati ya hizo za mtandaoni zilizojulikana kwa kuchukua namba zote za kwenye simu ya mkopaji na kumtangazia deni lake kwa shemeji, kwa mwalimu wa watoto, kwa padri. Fedheha hiyo inasemwa sana. Lisilosemwa ni kwamba hata ukimlipa mtu wa namna hiyo kwa nidhamu ya askari, hujajenga kitu. Mkopeshaji asiye na leseni hana pa kupeleka habari zako njema. Kabla ya kuchukua hata shilingi, uliza leseni ya Benki Kuu. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti yake, na kijana yeyote wa stationery atakutafutia.

Vikoba je? Navipenda, na naona haviepukiki: kikundi kinakubali rejesho lichelewe mwezi wa kiangazi kwa sababu wote wanajua ni mwezi wa kiangazi. Sheria ya 2018 imevitambua kwenye daraja la nne. Lakini daftari la katibu linabaki kabatini kwa katibu. Kikundi kinachopitisha hela zake kwenye akaunti ya benki kinawapa wanachama wake ushahidi. Kinachozitunza kwenye sanduku la kufuli tatu kinawapa usalama tu.

Sasa turudi kwenye jiwe, kwa kuwa kuna karatasi moja ya miaka ya karibuni ambayo wachimbaji wanaitupa. Machi 2019 lilifunguliwa Geita soko la kwanza la madini, na mikoa mingine ikafuata. Maganzo ina soko lake la almasi. Mwaka huohuo wachimbaji wadogo waliondolewa VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, ili wasikimbilie magendo. Sokoni jiwe linathaminiwa, mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 vinalipwa, na mauzo yanaandikwa. Watu wanalalamikia makato. Wanasahau kwamba sasa jiwe linaacha nyuma yake karatasi yenye kiasi na tarehe. Ukiwa na karatasi kama hizo za miaka mitatu, hata kama ni nne tu kwa mwaka, afisa mikopo anaweza kuona kitu ambacho hati ya mshahara haimwonyeshi: mapato yasiyo na mwezi maalumu, lakini yanayojirudia. Anaweza kupanga marejesho ya msimu, kama wanavyopangiwa wakulima wa pamba. STAMICO, shirika la madini la serikali, wamekwisha kuingia makubaliano na baadhi ya benki kuhusu mikopo ya wachimbaji wadogo, na mazungumzo ya namna hiyo hayaendi mbali bila kumbukumbu za mauzo. Kwa upande wa Geita mambo ni mepesi kidogo, kwa sababu dhahabu inatoka kidogokidogo na kuuzwa mara nyingi. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, anaweza kujaza faili ndani ya mwaka mmoja. Almasi inadai subira zaidi.

Lakini angalia karatasi hiyo ina jina la nani. Jiwe la mbeshi, aliyeruka uzio wa Mwadui usiku, halina karatasi kabisa. Jiwe la kundi linaloishi kwa posho huwa linauzwa sokoni na mfadhili, kwa jina la mfadhili. Vijana sita wamechimba, mtu mmoja amejenga historia. Sidhani wafadhili wengi wanalifanya kwa hila. Ndivyo mazoea yalivyo, na mwenye leseni ndiye anayeruhusiwa kusimama pale. Hata hivyo kundi linaweza kudai makubaliano ya maandishi yanayotaja mgawo, na mgawo ulipwe kwa simu au benki badala ya kuhesabiwa mkononi chini ya mwembe. Hela ikipita kwenye akaunti yako, hata kama inatoka yote siku ya pili, imekwisha kuandikwa kwako.

Kadi halisi ya mkopo ipo nchini, ila benki zinazoitoa huitoa zaidi kwa mwenye mshahara mnono au aliyeweka amana ya kuidhamini. Huihitaji kwa ajili ya kujenga jina huku. Utaihitaji kama utaondoka. Mtanzania anayefika Marekani, awe alikuwa meneja au muuza mitumba, anaanza bila alama yoyote ya mikopo, na bila alama hapati nyumba ya kupanga kwa urahisi wala bima ya gari ya bei nafuu. Njia inayotumika zaidi ni kadi ya dhamana: unaweka, mathalani, dola 200 benki, unapewa kadi yenye ukomo uleule. Nunua nayo vitu vidogo, usifike hata theluthi ya ukomo, lipa bili yote kabla ya tarehe. Alama ya FICO, inayotembea kati ya 300 na 850, inaanza kuhesabika akaunti ikitimiza miezi sita, na asilimia 35 yake inatokana na kulipa kwa wakati. Mtu aliyezoea kulipa Songesha kwa hela ya maandazi ataona hakuna jipya.

Sasa jina. Migodini watu wanajulikana kwa majina ya utani, na kuna anayezikwa kwa jina ambalo wenzake hawajawahi kulisikia. Hilo halina madhara. Lenye madhara ni laini ya simu. Tangu usajili wa alama za vidole ulipokamilishwa Januari 2020, kila laini imefungwa kwenye namba ya NIDA ya mtu fulani, na wengi ambao vitambulisho vyao vilichelewa walisajiliwa na mjomba, na mke, na rafiki wa kambini. Wakaendelea kuitumia. Miaka yote hiyo, kila mkopo waliolipa umeandikwa kwa mjomba, na kila ambao mjomba hakulipa kwenye laini yake mwenyewe unaweza kuwafungia wao. Kinyume chake nacho kipo: laini usiyoijua, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako, inakopa kwa jina lako ukiwa umelala. Piga *106# ufuate maelekezo, utaziona namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Usizozitambua, nenda dukani kwa kampuni husika ukiwa na namba yako ya NIDA, zifutwe. Kama unayotumia haimo, hamishia usajili kwako wiki hii, kabla ya kukopa hata shilingi mia tano.